Chenso ya bei nafuu na mkono unaoishika

Katika miji inayoishi kwa mbao, kuanzia Mafinga na Makambako kwenye Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hadi Elburgon na Molo kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, msumeno wa mnyororo, au chenso kama wengi wanavyouita, ndio mtaji wa kwanza wa anayetaka kuingia katika biashara ya miti. Ingia duka la zana utaiona hali ya soko ilivyo. Hapa ipo mashine ya Stihl, rangi ya machungwa na nyeupe. Pembeni yake ipo nyingine ya rangi zilezile na umbo lilelile, hata mkunjo wa mpini umefanana, ila bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya ile ya kwanza. Muuzaji atasema kinacholipiwa pale ni jina tupu. Fundi wa jirani atasema jina ndilo kila kitu. Mabishano hayo hayaishi kwa sababu wote wawili wanamfikiria mtu mmoja, yaani mnunuzi, na katika biashara hii mnunuzi wa chenso mara nyingi siye anayeishika. Mwenye mashine hubaki mjini, huajiri au hukodisha. Kijana anayelipwa kwa mti au kwa ubao ndiye anayeingia nayo msituni. Suala hili likitazamwa kutoka upande wa kijana huyo, unafuu wa bei unabadilika sura. Sehemu kubwa ya fedha iliyookolewa dukani huja kulipwa baadaye na mtu ambaye hakuwapo wakati wa kununua, na hulipwa kwa vidole, kwa mgongo, na wakati mwingine kwa uso.

Kwanza yatenganishwe mambo ambayo watu huyachanganya, kwa kuwa bidhaa zisizolingana hata kidogo huitwa feki kwa pamoja. Ipo mashine iliyobandikwa jina la Stihl au Husqvarna ilhali kampuni hizo hazijawahi kuiona. Huo ni wizi wa jina na udanganyifu kwa mteja. Ipo pia nakala ya wazi, inayoiga muundo wa mashine maarufu lakini ikiuzwa kwa jina lake yenyewe. Mfano unaojulikana ni Holzfforma ya kampuni ya Farmertec ya China, ambayo hutengeneza mashine zinazofuata muundo wa Stihl MS 660 na Husqvarna 372 XP kwa ukaribu kiasi kwamba spea nyingi zinaingiliana. Ulinzi wa hataza haudumu milele, na miundo ya zamani ikishatoka katika ulinzi huo, kuiga umbo la injini si kosa. Kisha yapo makundi makubwa ya mashine zisizo na ukoo, zile zinazoandikwa 52 au 58 ubavuni, yaani ukubwa wa injini kwa sentimita za ujazo, ambazo hutoka kiwandani zikiwa karibu sawa kisha hupewa jina lolote alitakalo mwagizaji. Muuza Holzfforma hajamdanganya mtu. Mbandika jina la kuiba amedanganya. Hata hivyo, kwa anayeshika mpini, swali ni moja kwa zote tatu: nani alizikagua sehemu zinazomlinda, na nani atawajibika zikishindwa?

Jibu linaanzia ndani ya injini. Injini ya chenso ni ya mipigo miwili. Haina tangi la oili kama la gari, hupata ulainisho kutoka kwenye oili iliyochanganywa na petroli. Kwa hiyo kila kitu kinategemea uwiano wa hewa na mafuta. Ukuta wa silinda ya mashine nzuri hupakwa tabaka gumu sana la nikeli na kabidi ya silikoni, na kingo za matundu ya hewa hulainishwa ili ringi za pistoni zisikwaruzwe. Katika nakala nyingi za bei ya chini tabaka hilo ni jembamba au halikushika vizuri, hivyo hubanduka kwenye kingo za matundu, na vipande vyake huikwangua pistoni. Sili za krenki zikiwa dhaifu, hewa huingia pasipotakiwa, mchanganyiko huwa na hewa nyingi na mafuta machache, joto hupanda, pistoni hukwama, na hapo ndipo mafundi wanaposema injini imenoki. Koili ya umeme ni tatizo lingine wanalolijua waendeshaji wote: mashine inawaka vizuri asubuhi, ikipata moto inazima, na haiwaki tena mpaka ipoe. Tuongeze mipira ya mafuta inayopasuka, na baa, yaani bapa linalobeba mnyororo, ambalo kingo zake hulegea na kuuacha mnyororo ukiyumba ndani ya mti.

Si kila nakala ina kasoro zote hizi, na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Zipo nakala zinazofanya kazi vizuri kwa muda mrefu, na wanaozisifu hawasemi uongo. Shida ni kwamba pacha wake, iliyotoka katika boksi la pembeni siku ileile, inaweza kufa kabla mwenyewe hajarudisha hata gharama ya mafuta. Chuma cha mashine hizi hutofautiana, usahihi wa vipimo hutofautiana, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzitupa zilizoharibika kiwandani. Ndiyo maana hoja kwamba hata Stihl ina kiwanda Qingdao, China, haina nguvu kama inavyodhaniwa. Ni kweli inacho, kama ilivyo na viwanda Brazili na Marekani. Uchina si kasoro. Kiwanda chochote duniani hutoa vipande vibovu, na tofauti ipo kwa anayevikataa visitoke mlangoni. Kampuni iliyoanzishwa mwaka 1926, inayouza kupitia mawakala wanaotakiwa kuhudumia walichokiuza, inapoteza kitu mashine yake ikimwumiza mtu. Jina lililobuniwa kwa ajili ya kontena moja halina cha kupoteza, kwa sababu kontena lijalo litakuja na jina jingine.

Injini kunoki ni hasara, lakini ni hasara ya fedha, na angalau hiyo humfikia mwenye mashine. Kinachotisha zaidi ni sehemu ambazo hazionyeshi ubovu wake mpaka siku zinapohitajika. Mnyororo wa chenso ukiwa katika mwendo kamili hupita kwa kasi inayozidi mita 20 kwa sekunde. Robo ya juu ya ncha ya baa ikigusa gogo, tawi lililojificha au hata ardhi ngumu, meno hung'ang'ania, na nguvu yote ya injini huirusha baa juu na nyuma, kuelekea uso, shingo na bega la anayeishika. Tukio hilo, yaani mruko, huisha kabla mtu hajajua limeanza. Hakuna ujuzi wala nguvu za mikono zinazoweza kulizuia likishaanza. Kinachobaki ni breki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watengenezaji wakubwa wa Ujerumani na Sweden walianza kuweka breki ya mnyororo inayofyatuliwa na ngao iliyo mbele ya mkono wa kushoto, na baadaye ikaboreshwa ili ijifyatue yenyewe kwa nguvu ya mruko hata kama mkono haukuigusa. Breki hiyo ni ukanda wa chuma unaolibana pipa la klachi, ukisukumwa na springi. Ukanda ukiwa wa chuma laini, au springi ikiwa imechoka, mashine itakata miti vizuri kabisa na hakuna atakayegundua. Ngao ipo na mpini wake unasogea, hata mlio wa breki unasikika. Siku ya mruko mnyororo hausimami.

Wapasua mbao wa kwetu wako hatarini kuliko wengi, kwa sababu ya namna wanavyofanya kazi. Ulaya na Amerika Kaskazini chenso ni ya kuangusha na kukata vipande. Gogo hupelekwa kiwandani. Huku, pale ambapo mashine ndogo za kupasulia zinazoitwa dingdong hazijafika, au mti umeangukia bondeni ambako hakuna gari litakaloingia, chenso hiyohiyo hutumika kupasua gogo kwa urefu, ubao baada ya ubao, kwa mkono na kwa macho tu. Injini hukaa kwenye mzigo mkubwa kwa muda mrefu, ncha ya baa huwa ndani ya mti karibu wakati wote, na mwendeshaji huinama juu yake saa nzima. Ni kazi iliyo nzito kwa mashine na kwa mtu kuliko ile iliyofikiriwa na waliochora nyingi kati ya mashine hizi, hasa zile ndogo za 52 na 58. Kuipa kazi ya namna hiyo mashine ambayo hakuna aliyeikagua ni kuongeza hatari mahali ambapo tayari imezidi.

Lipo jambo la pili ambalo huzungumzwa kwa nadra kwa sababu haliachi damu. Ni mtikisiko. Chenso isiyo na springi au raba nzuri kati ya injini na mipini hupeleka mtetemo moja kwa moja mikononi, na baada ya miaka mishipa midogo ya damu na ya fahamu huharibika. Vidole hufa ganzi, hupoteza nguvu ya kushika, na katika baridi hugeuka vyeupe. Japani iliona wafanyakazi wake wa misitu wakiugua kwa wingi katika miaka ya 1960 hata ikaweka kikomo cha saa mbili za chenso kwa siku katika misitu ya taifa. Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote unatoka Ufini, katika eneo la Suomussalmi, ambako watafiti waliwafuatilia wakata miti kuanzia 1972 hadi 1990. Mwanzoni asilimia 40 ya waliopimwa walikuwa na ugonjwa wa vidole vyeupe. Mwishoni walikuwa asilimia 5. Miti haikubadilika, wala baridi ya Ufini haikupungua. Kilichobadilika hasa ni mashine, ambazo mtikisiko wake ulishuka mara kadhaa ndani ya kipindi hicho. Takwimu hizo zinatuambia kwamba afya ya mkono wa mkata miti imo ndani ya raba na springi ambazo mnunuzi haziangalii kabisa. Raba hizo ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupunguzwa ubora mashine inapotakiwa kuwa rahisi. Asubuhi za Juni na Julai kule Njombe na Mufindi ni za baridi kali, na anayelalamika kuwa vidole havisikii huambiwa ni baridi.

Sasa tumrudie mwenye mashine. Yeye hufanya hesabu, na hesabu yake si ya kijinga. Nakala ikidumu msimu mmoja na kurudisha fedha yake mara kadhaa, kwake imelipa. Ikinoki, ananunua nyingine, na bado pengine hajafikia bei ya orijino. Wanaorudia msemo kwamba rahisi ni ghali hawajakaa kupiga hesabu hiyo, kwa maana katika mazingira fulani rahisi ni rahisi kweli. Kinachokosekana katika daftari lake ni mstari wa majeraha. Tanzania inayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyouanzisha mfuko wa WCF. Kenya inayo sheria yake ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007. Zote zinamtaka mwajiri abebe gharama ya mfanyakazi aliyeumia. Lakini kijana wa kulipwa kwa ubao, asiye na mkataba, anayefanya kazi kwa huyu leo na kwa yule kesho, ni vigumu kuingia katika orodha ya mwajiri yeyote. Akikatwa paja, ndugu zake ndio watakaochanga. Laiti gharama hiyo ingemrudia mwenye chenso, hesabu ya dukani ingebadilika bila mahubiri yoyote, kwa sababu mashine yenye breki inayoshika ingekuwa ndiyo ya bei nafuu.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii ni ya walioshiba, kwamba kumnyima kijana maskini mashine anayoweza kuimudu ni kumfungia mlango. Pingamizi hili lina uzito na halifai kupuuzwa. Si kila anayeshika nakala ameajiriwa; wapo vijana waliodunduliza wakanunua mashine ya 58 na leo wanajitegemea, jambo ambalo bei ya orijino isingewaruhusu. Kwao mimi sina lawama. Ila wanayo njia nyingine ambayo soko haliwatangazii. Orijino iliyotumika, ikakaguliwa na fundi anayejua kupima mgandamizo wa silinda na kuijaribu breki, mara nyingi ni salama kuliko nakala mpya. Orijino ndogo inayotosha kwa kazi halisi ni bora kuliko nakala kubwa iliyonunuliwa kwa ajili ya namba ya ubavuni, na namba hizo zenyewe haziaminiki siku zote. Kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA chenye wapasua mbao kadhaa kinaweza kununua mashine moja nzuri na kuizungusha, kama vikundi vingine vinavyofanya kwa mashine za kusaga. Na anayelazimika kabisa kuanza na nakala basi aanze na ile inayouzwa kwa jina lake wazi na ambayo spea zake zinapatikana, na fedha ya kwanza itakayobaki iende kwenye mnyororo mzuri, baa nzuri na ukanda mpya wa breki.

Pingamizi kubwa zaidi linawahusu wenye majina wenyewe. Mashine iliyoipa Stihl heshima katika misitu ya Afrika ni 070, jitu la sentimita za ujazo zipatazo 106 na uzito unaozidi kilo 10, lililobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Ilipasua mbao za nusu ya bara hili. Ilipokuwa imekwisha kuachwa Ulaya, iliendelea kuuzwa Afrika, Asia na Amerika Kusini, na kwa kawaida haikuwa na breki ya mnyororo. Nakala zinazoandikwa 105 zinazojaa madukani leo zimeiga mashine hiyohiyo, pamoja na upungufu wake. Kwa hiyo anayeuliza kama jina linamlinda mtu ana haki ya kuuliza, na jibu la kweli ni kwamba jina peke yake halikumlinda mpasua mbao wa Kiafrika kwa miaka mingi. Chuma kilikuwa bora, injini haikufa, na mkono ulibaki bila kinga. Hoja yangu haivunjwi na hilo, bali inanyooshwa: kipimo kiwe breki, raba za mtikisiko, kizuizi cha kukamata mnyororo unapokatika, na kufuli ya mpini wa mafuta. Mashine mpya za majina makubwa zinavyo vyote hivyo na vimepimwa. Orijino ya zamani isiyo navyo haistahili kusamehewa kwa sababu ya rangi yake.

Mafundi wengine husema kwamba mikono ndiyo inayoua mashine. Petroli inachanganywa kwa kukadiria, oili ya gari inatumika badala ya oili ya mipigo miwili, mnyororo unalainishwa kwa oili chafu iliyomwagwa gereji, chujio halisafishwi. Ni kweli tupu. Chenso yoyote itakufa kwa matunzo hayo. Lakini hoja hiyo hiyo inazidisha sababu ya kuwa na wakala anayefundisha na kuhudumia, na haigusi kabisa suala la breki, ambayo haichanganywi na mtu.

Kuna jambo linaloufanya mstari kati ya orijino na nakala uwe mgumu kuchorwa kadiri miaka inavyokwenda. Kwa kuwa spea za nakala zinaingia katika mashine za majina, na bei yake ni ndogo, orijino iliyonunuliwa miaka kumi iliyopita huenda leo ina silinda ya nakala, kabureta ya nakala, klachi ya nakala na ukanda wa breki wa nakala. Kifuniko tu ndicho kilichobaki cha Waiblingen, makao makuu ya Stihl. Anayeinunua kwa kuliamini jina lililoandikwa juu yake hana habari ya kilichomo. Kwa ajili hiyo mazoea ya kuuliza "ni orijino?" na kuridhika na jibu ni ya hatari. Jaribio la breki halihitaji maabara. Mashine inawekwa chini kwenye sehemu tambarare, inawashwa, mafuta yanakandamizwa kwa muda mfupi, na ngao ya mbele inasukumwa. Mnyororo usiposimama papo hapo, mashine hiyo haifai kuingia msituni. Kwa zile zinazojifyatua, injini inazimwa, mashine inashikwa kwa mpini wa nyuma na kuachwa ncha ya baa iangukie kisiki. Ngao inatakiwa ijisukume yenyewe. Ni kazi ya dakika chache, na duka linalokataa ifanyike mbele ya mteja limekwishamjibu.

Sheria zetu zimeelekea upande mwingine. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia ya mwaka 2008. Zinaponasa kontena la mashine zenye jina la kuiba na kuziteketeza, zinafanya jambo jema, lakini swali wanalouliza wakaguzi ni jina ni la nani. Mashine ile ile, yenye breki ile ile isiyoshika, ikija na jina lililobuniwa, haimhusu mwenye alama yoyote. Hapo zamu ni ya Shirika la Viwango Tanzania na mwenzake wa Kenya, ambao tayari wana utaratibu wa kukagua shehena kabla hazijasafirishwa. Kiwango cha kimataifa cha chenso za misituni, ISO 11681-1, kipo na kinaeleza breki, kizuizi cha mnyororo na kufuli ya mafuta vinatakiwa viweje. Kukitumia kwa kuchagua mashine chache katika kila shehena na kuzijaribu breki kungezuia madhara mengi zaidi kuliko kuchoma nembo.

Hatua ya karibu zaidi iko mikononi mwa wenye misitu. Kampuni za mashamba ya miti, wakulima wanaouza misaunobari yao ikiwa imesimama, na shamba la serikali la Sao Hill pale Mufindi, wote huamua nani aingie kuvuna na kwa masharti gani. Mamlaka za misitu tayari zinazifuatilia chenso kwa sababu ya ukataji haramu. Kama kibali cha kuvuna kingedai kwamba kila mashine ijaribiwe breki getini, na jina la mwenye mashine liandikwe kuwa ndiye mwajiri wa yule aliyeishika, wanunuzi wangeanza kuuliza swali la breki dukani kabla ya kutoa fedha, na waagizaji wangelazimika kuwa na jibu. Gharama yake ni karani mmoja, kisiki kimoja na dakika chache kwa kila mashine.